Maporomoko ya kijiji chetu yamo kwenye mpango mkakati wa halmashauri lakini hayamo kwenye bajeti: tuanzie wapi?

Mjumbe wa Kijiji (Mbeya)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja cha milimani katika Mkoa wa Mbeya, na miaka mitatu iliyopita mkutano mkuu wa kijiji ulinikabidhi mimi na wenzangu wanne kazi ya kushughulikia wageni wanaokuja kuangalia maporomoko ya maji yaliyomo katika ardhi yetu. Jina la kijiji sitalitaja, kwa sababu ninayoyaeleza yanagusa ofisi za watu ambao bado tunafanya nao kazi.

Wageni wanakuja. Si wengi kama wa mbuga za kaskazini, lakini kila mwisho wa juma hawakosekani, na sikukuu ya Pasaka huja kwa makundi: wanakwaya kutoka mjini, wanafunzi wa vyuo, familia zenye watoto, na mara mojamoja Wazungu wawili watatu waliotoka Ziwa Ngosi au Daraja la Mungu wakitaka kuona kitu kingine kabla ya kuteremka Matema. Magari huegeshwa mbele ya duka la barabarani, kisha watu hutembea karibu dakika arobaini katikati ya migomba na mashamba ya chai. Hatua kama mia mbili kabla ya kufika majini, njia inapita kwenye udongo mwekundu ambao ukinyeshewa haukanyagiki, na hapo ndipo vijana wetu husimama kuwashika wageni mikono mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa safari kijana hupewa shilingi elfu mbili, akibahatika elfu tano. Kijiji hakipati kitu.

Kinachoniumiza zaidi ni kampuni moja ya mjini inayoleta watu kwa gari dogo la abiria. Maji ya kunywa wamekuja nayo, chakula wamekuja nacho, hata mwongozaji wamekuja naye. Wakiondoka, akina mama waliochemsha mahindi na kuyabeba hadi pale wanarudi nayo, na sisi kamati tunaokota chupa tupu.

Mwaka juzi, wakati wa zoezi la fursa na vikwazo kwa maendeleo, kijiji kiliandika utalii kuwa kipaumbele cha saba. Ngazi ya kata ukawekwa chini ya kichwa cha "fursa nyinginezo". Nilipoomba kuona mpango mkakati wa halmashauri ya wilaya nikakuta sentensi moja tu: kuhamasisha utalii wa vijijini. Katika bajeti ya mwaka huu hakuna hata shilingi moja iliyotengwa kwa sentensi hiyo, na nilipouliza nilijibiwa kwa upole kwamba wazo letu limezingatiwa. Naomba anayezifahamu taratibu anielekeze: utalii wa kijiji kama huu unaingiaje kwenye mpango wa maendeleo kwa namna ambayo fedha nazo zinaufuata? Tena ukishaingia, tutahakikishaje kwamba hauishii mikononi mwa mtu mmoja?

Afisa Mipango Mstaafu (Iringa)

Mdogo wangu Mjumbe, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimekaa katika idara za mipango kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na sentensi hiyo ya kuhamasisha utalii wa vijijini nimewahi kuiandika kwa mkono wangu, tena si mara moja, kwa hiyo naweza kukueleza inavyozaliwa.

Halmashauri inapopokea ukomo wa bajeti, shughuli zinazopata nafasi kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia bajeti, ni zile zenye lengo, gharama na kasma yake, yaani mstari wake wa fedha. Kuhamasisha hakuna bei. Afisa anayeingiza mamia ya shughuli kwa siku chache, huku akipigiwa simu na kila idara, hana muda wa kukaa na wazo lako na kuligeuza kuwa kazi inayoweza kulipiwa, basi analihamishia kwenye mpango mkakati wa miaka mitano, ambako sentensi inaweza kukaa miaka yote mitano bila mtu kuiulizia fedha. Aliyekujibu kwamba wazo limezingatiwa huenda hakukudanganya. Limezingatiwa kwa njia hiyo.

Kama ningekuwa kijijini kwenu, kesho asubuhi ningechukua futi kamba na kwenda kupima zile hatua mia mbili zinazoteleza. Ningejua ni mita ngapi, zinahitaji ngazi za mawe ngapi, mawe yanatoka wapi, fundi atalipwa kiasi gani, na wananchi watachangia nini kwa nguvu zao, yaani kusomba mawe na mchanga na kufyeka njia. Kisha choo. Usicheke choo, ndugu yangu: kundi la wanafunzi arobaini likifika mahali pasipo na choo, mwalimu wao hatawarudisha mwakani. Ngazi na choo, vyenye mchanganuo wa gharama uliopitiwa na mhandisi wa halmashauri na kuambatanishwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye sahihi za mwenyekiti na mtendaji, hilo ni ombi ambalo diwani wenu anaweza kusimama nalo. Ni dogo, linakamilika ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na wananchi wameshaweka mkono wao.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mlango unafungwa mapema zaidi. Vijiji hupanga kuanzia robo ya mwisho ya mwaka, Kamati ya Maendeleo ya Kata inachambua, wataalamu wa halmashauri wanaunganisha, kamati ya fedha inapitia, na baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata kabla mpango haujaenda mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Anayekumbuka utalii mwezi Machi, wakati wa kuandaa ziara za Pasaka, amechelewa kwa mwaka mzima. Kijiji kinatakiwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ya kulijadili mapema ipo.

Sasa niseme jambo ambalo naona ni zito kuliko bajeti: ardhi. Unasema maporomoko yamo katika ardhi ya kijiji. Je, kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa kwa mujibu wa Sheria Na. 6 ya 2007? Na kama upo, maporomoko, njia na sehemu ya kuegeshea magari vimechorwa humo? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wananchi, lakini eneo ambalo halikutengwa rasmi kwa matumizi ya wote linaweza kugawiwa kihalali kwa mtu mmoja, akapata hati ya haki miliki ya kimila, kisha akaweka geti. Swali lako la pili kuhusu mikono ya mtu mmoja linajibiwa kwenye ramani hiyo kabla ya kujibiwa mahali pengine popote. Na kama sehemu ya juu ya maporomoko imo ndani ya msitu wa hifadhi, mkae na Wakala wa Huduma za Misitu mapema, maana huwezi kupanga bajeti ya ngazi katika ardhi isiyo yenu.

Kuna kosa moja ninalolibeba mpaka leo. Tulijenga kituo cha kupokea wageni kwa fedha za mfadhili, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Jengo zuri, milango ya mninga, ramani kubwa ukutani. Mradi ulipoisha hapakuwa na kasma ya mhudumu wala ya umeme. Nilipopita mara ya mwisho mbuzi walikuwa wamelala barazani na kufuli lilikuwa limeota kutu. Nilipanga jengo, sikupanga mtu wa kulifungua asubuhi. Kwa hiyo katika ombi lenu, pamoja na ngazi na choo, andikeni nani atasafisha choo hicho na atalipwa kutoka fungu gani.

Mwongoza Watalii (Matema, Kyela)

Kaka Mjumbe, mzee wetu hapo juu amezungumzia taratibu vizuri, mimi naomba nizungumzie mfuko wa mgeni, kwa sababu ndicho ninachokiona kila siku.

Huku kwetu kila Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo. Akina mama wa Kikisi wanafinyanga kwao Ikombe, upande wa pili chini ya milima ya Livingstone, na vyungu vinakuja kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa nyasi kavu katikati visigongane. Asubuhi mapema unaona mwanamke amesimama ndani ya maji hadi magotini, anapokea chungu kimoja kimoja, anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kinacholia kwa sauti safi anakiweka kulia, chenye mlio mzito anakiweka kushoto, maana kina ufa ambao jicho halioni. Wanunuzi wanatoka Kyela, Tukuyu hadi Mbeya, na wengi wao wananunua vyungu vya kupikia, hawajali utalii hata kidogo. Mgeni anayekuja na kamera anakuta soko ambalo lilikuwepo kabla yake na litakuwepo asipokuja.

Nalieleza hili kwa sababu nimeona vijiji vikipanga utalii kwa kuandaa kitu cha kumwonyesha mgeni, ngoma ya kuchezwa akifika na kunyamaza akiondoka. Mimi nadhani mngeomba kwanza kibanda cha soko pale magari yanapoegeshwa, kwa ajili ya ndizi, parachichi na maziwa yenu ambayo mnauza kila siku. Hilo ni ombi la kilimo na biashara, ambalo halmashauri inalielewa na lina mapato yake ya ushuru. Mgeni akishuka kwenye gari atapita humohumo, na mama wa mahindi atakuwa na mahali pa kukaa hata siku ambayo hakuna mgeni.

La pili ni kulala. Mgeni wa saa mbili ananunua soda, na hata soda hiyo mara nyingi ameinunua mjini. Mgeni anayelala analipa chumba, chakula cha jioni, chai ya asubuhi, na kesho yake anataka kwenda mahali pengine pa karibu kwa sababu ameamka palepale. Sisi tunaona tofauti hiyo kwa samaki: wavuvi wa mbasa wanajua ni siku gani nyumba za wageni zimejaa bila kuambiwa. Sisemi mjenge hoteli. Familia mbili zenye chumba safi, neti na maji ya moto ya kuogea zinatosha kuanza, lakini afisa biashara ahusishwe tangu mwanzo ili leseni na ushuru wa nyumba za kulala wageni visije kuwa ugomvi baadaye.

Halafu tunzeni kumbukumbu. Nunueni kaunta buku moja, kila anayefika aandike ametoka wapi na kama amelala. Kwetu tuliandika kwa mwaka mmoja na tukagundua kwamba wageni wetu wengi ni Watanzania wa mikoa hii hii, wakati sisi tulikuwa tumeandika mabango yote kwa Kiingereza.

Mwalimu (Makete)

Nawasalimu kwa heshima wote waliotangulia. Naomba niseme kwa upole lakini kwa uwazi kwamba mjadala umekwenda mbio na kuruka swali moja. Ndugu Mjumbe ameandika kwamba utalii ulikuwa kipaumbele cha saba cha kijiji. Je, sita vya kwanza ni vipi, na vimefikia wapi? Kama cha kwanza ni zahanati na mama mjamzito bado anabebwa kwa machela hadi barabarani, mimi nikiwa kwenye mkutano huo sitanyoosha mkono kwa ajili ya ngazi za wageni, hata ziwe nzuri kiasi gani.

Siandiki haya kwa kuuchukia utalii. Ninaishi karibu na Kitulo, ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu, na kila mwaka maua yanapochanua huwa nawapeleka wanafunzi wangu. Lakini nakumbuka pia kwamba ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, zipo familia zilizokuwa zikichimba viazi vya okidi, vile ambavyo wafanyabiashara walivipeleka Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na zipo zilizokuwa zikilisha mifugo kwenye nyasi zile. Uchimbaji ule ulikuwa unamaliza maua na ulistahili kuzuiwa, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba kipato kilichozuiwa kilikuwa cha mtu anayejulikana kwa jina, aliyekipata msimu ule ule, wakati faida za utalii tuliahidiwa sote kwa pamoja na kwa siku zijazo. Mpango unaoingiza utalii uandike pia nani anapoteza nini, hata kama ni njia tu ya ng'ombe kwenda mtoni.

Jambo jingine ni msimu. Maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Huo ndio wakati ambao barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile ya kona hamsini na saba, inahitaji dereva mwenye roho ngumu. Fedha za maendeleo zinaanza kutoka baada ya Julai, mikataba inachukua miezi, na mara nyingi greda linafika mvua zikiwa zimeshaanza au linafika zikiwa zimekwisha, wakati hakuna ua hata moja. Ndugu Mjumbe anaeleza udongo wake ukinyeshewa haukanyagiki, na Pasaka, ambayo ndiyo siku yao kubwa, inaangukia mvuani. Kama ngazi zitajengwa, zijengwe kabla ya Novemba, vinginevyo mtakuwa mmejenga kwa ajili ya picha za uzinduzi.

Afisa Mipango Mstaafu (Iringa)

Mwalimu, swali la vipaumbele sita ni la haki na nilipaswa kuliuliza mimi.

Niongeze jambo moja linalopunguza ugomvi wa zahanati dhidi ya ngazi. Mambo mengi ambayo utalii wa kijijini unayahitaji hayapitii kwenye fungu la utalii hata kidogo. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019. Barabara ileile inayofika dukani kwa Mjumbe ndiyo inayobeba chai mbichi kwenda kiwandani, na kila mkulima wa chai anajua jani lililochelewa njiani linavyokataliwa. Ndiyo pia inayombeba mama mjamzito. Halmashauri inapowasilisha vipaumbele vyake vya barabara, muhtasari wa kijiji utaje chai, maziwa, wagonjwa na wageni katika aya moja, wala wageni wasiwekwe mbele. Hivyohivyo kwa maji: kituo kimoja cha kuchotea kikikaa karibu na soko, kinahudumia wauzaji, wateja na choo.

Hata hivyo, hapa natofautiana kidogo na ndugu yangu wa Matema. Yeye angependa utalii ujifiche wote ndani ya kilimo na biashara. Mimi nasema lazima kibaki kitu kimoja, hata kiwe kidogo, chenye kasma yake na jina lake, kwa sababu jambo lisilo na kasma halina taarifa ya utekelezaji, na lisilo na taarifa ya utekelezaji hakuna diwani atakayeulizwa juu yake.

Msuka Vikapu (Iringa Vijijini)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni msuka vikapu, nilifundishwa na bibi yangu, na wageni wanaokwenda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa au Isimila kuona zana za mawe ndio wanaonunua sehemu kubwa ya kazi yangu. Naomba niseme habari ya milulu, nyasi tunazosukia, ingawa inaweza kuonekana ndogo.

Kikapu cha Iringa kinatokana na milulu, na milulu inaota mabondeni kwenye unyevu. Mabonde hayohayo ndiyo tunayolima vinyungu wakati wa kiangazi, tunapata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati milimani kumekauka. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo bonde moja linadaiwa na mwenye kinyungu, na msusi, na mto wenyewe. Siku hizi natembea saa nzima kufika pale ninapopata milulu mirefu isiyokatikakatika, wakati bibi yangu alikuwa anaikata nyuma ya nyumba. Kijiji chetu kilipofanya mpango wa matumizi ya ardhi kilitenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu, na hakuna aliyekumbuka milulu, kwa sababu waliokaa kwenye kamati hawasuki. Wote tulipiga makofi pale taarifa ilipotaja vikapu kuwa kivutio cha utalii. Kaka Mjumbe, mkichora ramani yenu, waiteni akina mama wa mahindi na vijana wanaoshika wageni mikono, waulizeni kazi yao inaanzia wapi.

Kuhusu fedha, sisi huku tuna jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MBOMIPA, inayounganisha vijiji 21 vya Idodi na Pawaga jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kanuni za jumuiya hizo zinataka angalau nusu ya mapato iende vijiji wanachama. Yenu hayatafika ukubwa huo, lakini chukueni somo kwamba mgawanyo unaandikwa kabla fedha hazijaonekana. Nina ndugu katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, walianza kukusanya ada ya wageni bila sheria ndogo, kwa kuaminiana. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili ndugu hawakusalimiana, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema ni nani aliyekula, kwa sababu hapakuwa na stakabadhi.

Vijana wenu pia wajiunge kikundi waombe mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana nne, wanawake nne na watu wenye ulemavu mbili. Wanunue viatu vya mpira na kamba nzuri, wapate na mafunzo ya huduma ya kwanza. Mgeni akivunjika mguu pale kwenye udongo, ada mliyotoza haitamfikisha hospitali.

Mjumbe wa Kijiji (Mbeya)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa shambani na pia kwa sababu nilitaka nirudi na jambo mkononi.

Mwalimu, vipaumbele sita vya kwanza vilikuwa maji ya bomba, kumalizia zahanati, nyumba ya mwalimu, barabara, umeme kwenye kitongoji cha juu, na soko. Maji yamefika nusu ya kijiji. Zahanati ina kuta na paa, haina milango. Nimeyasoma maneno yako kwa sauti mbele ya kamati, na mzee mmoja akasema mwenye kusema hivyo angekuwa mjumbe wetu angekuwa na kura yake. Tumekubaliana kwamba ombi la mwaka huu halitagusa fungu la zahanati, na kwamba katika mapato ya wageni sehemu ya kwanza itanunua milango hiyo. Mgawanyo wenyewe tutaupeleka mkutano mkuu ukiwa ndani ya rasimu ya sheria ndogo, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe, na stakabadhi zitakuwepo kabla ya mgeni wa kwanza kulipa.

Mzee wangu wa mipango, tulikwenda na futi kamba. Sehemu inayoteleza tuliyodhani ni ndefu sana imetoka mita mia moja na arobaini, na mawe yapo palepale kwenye ukingo wa shamba, ya kutosha. Mahali tulipokuwa tumepanga kuweka choo, karibu kabisa na maji ili wageni wasitembee, tulipima tukakuta ni mita ishirini na mbili tu kutoka mtoni, na hata bila sheria kijana mmoja aliuliza akina mama wanaochota maji kule chini watakuwa wanakunywa nini. Tumekihamishia juu, kwenye kona yenye mkuyu.

Kazi iliyokuwa ngumu ni njia. Inapita kwenye mashamba ya familia nne, na hakuna mpango wa matumizi ya ardhi uliowahi kuitambua. Familia tatu zimekubali itengwe kuwa njia ya wote kwa upana wa mita mbili. Ya nne ni ya mjane ambaye migomba yake kumi na moja ingekatwa, na dada yangu wa Iringa alinifanya nikumbuke kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulikaa naye jikoni kwake jioni nzima. Hataki fidia ya fedha. Anataka njia ipindishwe ipite upande wa juu wa shamba lake, na kibanda cha kwanza cha soko kikijengwa, yeye apewe nafasi ya mlangoni auze ndizi zake. Tumeipindisha. Inaongeza dakika tatu za kutembea.

Muhtasari umesainiwa, mchanganuo wa ngazi na choo uko kwa mhandisi, na mshahara wa msafishaji tumeuandika kwenye mstari wake wenyewe. Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa Jumatano ijayo.